Sotoka, Nyumbu na Somo la Ikolojia

Nilipokuwa mwaka wa kwanza pale chuoni Mlimani, Dar es Salaam, ikolojia ilinikamata kupitia ugonjwa wa ng'ombe. Mhadhiri alianza na sotoka, iliyoingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890. Mifugo ya Wamasai iliteketea, watu wakafa njaa, na kule Serengeti nyumbu na nyati nao wakafa kwa wingi.

Kisha akachora ubaoni mstari unaopanda, na hadi leo naufundisha. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama 260,000. Ng'ombe waliozunguka hifadhi walikuwa wamechanjwa, sotoka ikakatika, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa ovyo. Kufikia 1977 nyumbu walikuwa kama milioni 1.3. Utamu wa somo uko hapa: nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, moto wa kiangazi ukakosa cha kuchoma, na miche ya migunga ikapata nafasi ya kuwa miti. Chanjo ya ng'ombe ikaotesha miti! Sijapata mfano mwingine unaoonyesha vizuri hivi jinsi viumbe wanavyofungamana.

Taasisi ya utafiti wa ikolojia ilianzishwa papo hapo Serengeti mwaka 1966, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote. Walimu wenzangu wa vyuo vikuu, msianze ikolojia na mfano wa ziwa fulani la Ulaya. Anzeni na nyumbu hawa, wanafunzi wenu waelewe kwamba sayansi hii imejengwa pia kwenye ardhi yao.