Uso na Jina: Kadi za Besiboli na Ushahidi wa Picha

Picha ni shahidi bubu. Huonyesha uso, mavazi na mkao wa mtu kwa uaminifu mkubwa, lakini haiwezi kusema huyo ni nani. Kazi ya kusema huachiwa jina lililoandikwa chini yake, nalo jina huandikwa na mkono wa mwanadamu, ambao huteleza. Mkono ukiteleza, watu wawili hudhulumiwa kwa mara moja: mwenye uso hunyang'anywa jina lake, na mwenye jina huvikwa uso usio wake. Dhuluma hii haitoki damu wala hailii, kwa hiyo huweza kudumu miaka mingi bila ya kutambuliwa. Katika historia ya besiboli, mchezo wa gongo na mpira upendwao sana Marekani, makosa ya namna hii yamehifadhiwa katika vipande vidogo vya karatasi ngumu viitwavyo kadi za wachezaji.

Kadi hizo zilienea kwa njia ya biashara ya tumbako. Kati ya mwaka 1886 na 1890, Goodwin & Company ya New York ilitia katika pakiti za sigara zake za Old Judge kadi zenye picha za mamia ya wachezaji. Wengi wao walipigwa picha chumbani, mbele ya pazia lililochorwa, na mpira ukaning'inizwa kwa uzi ili uonekane kama unaruka hewani. Baadaye, kati ya mwaka 1909 na 1911, American Tobacco Company ilitoa kadi nyingine zaidi ya 500, ambazo watozi huziita T206. Hizi hazikuwa picha zenyewe, bali michoro ya rangi iliyofuatishwa kutoka katika picha. Jina la T206 lilitokana na mpango wa Jefferson Burdick, mtu aliyetumia umri wake kuzipanga karatasi zilizodharauliwa na wengine. Alipofariki mwaka 1963 alikuwa ameliachia jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, vipande zaidi ya 300,000, na kadi za besiboli peke yake zilikuwa kama 30,000. Wakati huo chingamu ilikwisha kushika mahali pa sigara, na Topps ya Brooklyn ilikuwa mbele katika biashara ya kadi.

Makosa yaliingia kwa milango mingi. Mlango wa kwanza ulikuwa ufupi wa majina. Kadi za T206 zilitaja jina la ukoo na mji tu. Na kwa mji wenye klabu mbili kubwa, ziliongeza ligi ili kutenganisha klabu na klabu. Mjini New York walikuwako akina Doyle wawili: Joe, mtupaji mpira katika ligi ya American, na Larry, mlinzi wa kituo cha pili katika ligi ya National. Joe akachorwa, lakini ligi iliyoandikwa chini yake ikawa ya Larry. Kosa liligunduliwa mapema, neno la ziada likafutwa. Na kadi chache mno zilizoponyoka kabla ya kufutwa sasa hununuliwa kwa fedha nyingi kuliko zile zilizo sahihi. Ajabu ya soko ni kuwa hulipa kosa ujira ambao haliulipi kweli.

Mlango wa pili ulikuwa chumba cha mchapaji. Katika kadi ya Topps ya mwaka 1957, Hank Aaron, aliyepiga mpira kwa mkono wa kuume maisha yake yote, anaonekana akipiga kwa mkono wa kushoto, kwa sababu picha ilichapishwa kinyume. Mlango wa tatu ulikuwa mzaha wa wachezaji wenyewe. Lew Burdette alitupa kwa mkono wa kuume, lakini katika kadi yake ya mwaka 1959 alivaa glavu katika mkono huo huo na kujifanya mtu wa shoto. Mlango wa nne, uliokuwa mpana kuliko yote, ulikuwa kumwamini mtu kwa nguo zake. Kadi ya Aurelio Rodríguez ya mwaka 1969 haina picha yake hata kidogo. Aliyemo ni kijana aliyewatumikia wachezaji kwa kuwapangia magongo. Alivaa sare ya klabu, na sare ikachukuliwa kuwa dhamana ya kutosha.

Kosa lililokwisha kuchapwa mara elfu halisahihishwi kwa kukanusha tu. Hapana budi liletewe ushahidi. Ushahidi wenyewe hutoka katika kulinganisha picha na picha. Katika Marekani kazi hii imepata wafuasi wenye subira, hasa katika chama cha utafiti wa besiboli kiitwacho SABR, kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho kina kamati yake ya historia ya picha. Kuanzia mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani ilizitandaza mbele ya watu wote, kwa njia ya intaneti, picha za vioo za shirika la habari la Bain, na wajuzi wa mchezo wakaanza kuwarudishia majina watu waliokuwa wamekaa humo bila majina au kwa majina ya wengine.

Mlinganishaji mwema haanzi na jicho wala tabasamu, maana hayo hubadilika kwa saa. Nywele hunyolewa, mwili hunenepa, na pua ya mchezaji huweza kuvunjwa na mpira. Sehemu iliyo thabiti zaidi katika mtu mzima ni sikio: mikunjo yake, ukingo wake, na namna ncha yake ya chini inavyoshikamana na shavu au kuachana nalo. Fikira hii si ngeni. Alphonse Bertillon, karani wa polisi mjini Paris, alilitilia sikio mkazo mkubwa katika karne ya 19, alipotafuta njia ya kuwatambua wahalifu waliobadili majina. Kilichobuniwa ili kumfichua mtu aliyejificha hutumika sasa kumwokoa mtu aliyefichwa na wengine.

Baada ya sikio huja mavazi na mikono. Klabu zilibadili herufi, mistari na kola za jezi zao mara kwa mara, kwa hiyo jezi inayojulikana mwaka wake huweza kuonyesha kuwa mtu fulani alikuwa hajafika klabuni, au alikwisha kuondoka. Glavu huonyesha mkono wa kutupia, ila kwanza yafaa kuhakikisha kuwa picha haikugeuzwa, kwa kutazama upande wa vifungo na uelekeo wa herufi. Tena haifai kuhukumu kwa mchoro wa rangi pale ambapo picha yenyewe iliyochorewa ingalipo, maana brashi ya mchoraji huweza kulainisha taya na kunyosha pua.

Lakini kanuni iliyo kuu ni hii: kufanana hakuthibitishi kama vile kutofautiana kunavyokanusha. Nyuso mbili zaweza kupatana katika mambo kumi na bado zikawa za watu wawili; tofauti moja isiyoweza kuelezwa na umri, mwanga au pembe ya kamera yatosha kuwatenganisha. Kadi ya Gary Pettis ya mwaka 1985 ni onyo kwa mwenye haraka, kwa kuwa aliyepigwa picha ni mdogo wake. Damu ilikuwa moja, sura zilikaribiana, na kosa likapita mbele ya macho mengi. Kwa hiyo mtu mwadilifu huwa mwepesi kusema kuwa huyu siye, na mzito kusema kuwa huyu ndiye.

Mwenye kudhani kuwa haya ni mambo ya watoto na aitazame kadi ya mwaka 1966 iliyo na jina la Dick Ellsworth, mtupaji aliyetumia mkono wa kushoto. Uso uliomo ni wa Ken Hubbs, aliyekuwa mwenzake katika klabu ya Chicago Cubs. Mwaka 1962 Hubbs alicheza michezo 78 mfululizo katika kituo cha pili bila ya kufanya kosa, akachaguliwa kuwa mchezaji mpya aliye bora katika ligi yake. Februari 1964 ndege ndogo aliyoiendesha mwenyewe ilianguka katika jimbo la Utah, akafa akiwa na umri wa miaka 22. Topps ilichapa kadi ya kumkumbuka mwaka ule ule. Miaka miwili baadaye uso wake ulitolewa tena na kampuni ile ile, safari hii kwa jina la mtu aliye hai. Mtu aliyesifiwa kwa kutokosa alikosewa, naye hakuwa na kinywa cha kujitetea.

Hubbs alikuwa na picha nyingine nyingi, kwa hiyo uso wake haukupotea. Si wote wenye bahati hiyo. Katika kadi za Old Judge wamo vijana waliocheza msimu mmoja au miwili katika miji midogo, kisha wakarudi migodini na viwandani. Kwa mtu wa namna hiyo kadi moja huweza kuwa ndiyo sura pekee iliyosalia duniani. Nyota hana haja kubwa ya mtetezi, kwa kuwa umaarufu wake humtetea. Mwenye haja ni yule asiye na picha ya pili. Waswahili husema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na katika haki za marehemu, hapana iliyo ndogo kwa gharama na kubwa kwa heshima kama kuitwa kwa jina lake mwenyewe.