Sehemu ya Pili Ambayo Watu Hawakutaka Kuiamini

Kila aliyesomea uandishi wa habari anaijua Watergate, na anajua kuwa chanzo cha siri cha Bob Woodward kiliitwa Deep Throat. Mimi nilimaliza chuo kikuu bila kujua jina hilo lilitoka wapi. Siku nilipotafuta nikakuta ni filamu ya ngono ya mwaka 1972. Mhariri mmoja wa Washington Post, Howard Simons, alilichukua kama utani. Nilicheka, nikaendelea kusoma, kicheko kikaisha.

Filamu hiyo iliongozwa na Gerard Damiano kwa bajeti ndogo tu, lakini pale New York watu na heshima zao walipanga foleni mchana kweupe kuiona. Mwigizaji wake mkuu, Linda Boreman, akajulikana kwa jina la Linda Lovelace. Baadaye alisema malipo yalikuwa dola 1,250, na mumewe, Chuck Traynor, alizichukua zote.

Hela ilipoonekana, ikaandaliwa sehemu ya pili. Ila upepo ulishabadilika. Machi 1973 hakimu wa New York aliamua kwamba filamu ya kwanza ni chafu kisheria. Juni mwaka huohuo, katika kesi ya Miller dhidi ya California, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaruhusu uchafu upimwe kwa viwango vya jamii ya mahali husika. Kwa hiyo Deep Throat Part II ya Joe Sarno ilipotoka 1974, ilikuwa na daraja la R: vichekesho vya majasusi, makali yote yamepunguzwa. Waliofuata kilichokatazwa hawakukikuta. Waliofuata filamu nzuri nao wakatoka mikono mitupu. Ikadoda.

Wengi huishia hapo. Mimi naona sehemu ya pili ya kweli ilitoka 1980, nayo ni kitabu: Ordeal, alichoandika Linda pamoja na Mike McGrady. Humo anasema Traynor alimpiga, akamtishia kwa bunduki, akamlazimisha kufanya yote yale. Traynor alikanusha kumlazimisha, na baadhi ya watu wa tasnia ile wakamwona Linda mwongo. Hata kabla kitabu hakijachapishwa, ilibidi apimwe kwa mashine ya kugundua uongo.

Hebu fikiria. Kwenye foleni za 1972 hakuna aliyedai ushahidi kwamba yule dada alikuwa anafurahia. Tabasamu lake lilitosha. Aliposema aliumizwa, ndipo ushahidi ukatakiwa. Na yeye akawaambia alama za kipigo zinaonekana mwilini mwake humohumo kwenye filamu. Yaani zilikuwa pale, kwenye skrini kubwa, mbele ya maelfu ya macho.

Mwaka 1986 aliiambia tume ya serikali kwamba kila anayeitazama filamu ile anamtazama yeye akibakwa. Alifariki 2002 kufuatia ajali ya gari. Filamu ilikuwa bado inauzwa.

Mpaka leo naitumia Watergate ninapowaeleza vijana wapya ofisini kwa nini tunalinda vyanzo vyetu. Siku hizi nawaambia pia jina lile lilitoka wapi, na kwamba mwenye sura ile naye alikuwa na habari yake, ikakosa wa kuiamini.