Mlo wa Garstang uliozaa miji 2,000

Robo karne imepita tangu Garstang, mji mdogo wa soko katika jimbo la Lancashire, Uingereza, ujitangaze kuwa mji wa kwanza duniani wa biashara ya haki. Leo cheo cha mji wa biashara ya haki kinashikiliwa na miji zaidi ya 2,000 katika nchi zaidi ya 30. Msimulizi mkuu wa historia hii ni mwanzilishi wake, Bruce Crowther, daktari wa mifugo na mwanaharakati wa shirika la Oxfam, na simulizi lake lina uchungu wa mtu aliyezungushwa na wenye maduka na migahawa kwa miaka.

Alama ya biashara ya haki, Fairtrade, ilikuwapo tayari. Ilianzia Uholanzi mwaka 1988 kwa jina la Max Havelaar, ikibandikwa kwenye kahawa ya Meksiko. Uingereza bidhaa za kwanza zenye alama ya Fairtrade ziliingia madukani mwaka 1994. Mnunuzi hulipa bei isiyoshuka chini ya kiwango kilichowekwa, na juu yake fungu la ziada ambalo wakulima wenyewe hukaa na kuamua walifanyie nini. Kilichokosekana Garstang ni wanywaji. Kila mwenye mgahawa aliunga mkono kwa maneno, kisha akaendelea kuagiza kahawa yake ya siku zote.

Mwaka 2000 Crowther na wenzake waliacha kubembeleza, wakapika. Wakamwalika meya, wakuu wa shule, viongozi wa makanisa na wafanyabiashara. Mezani kulikuwa na vyakula vya biashara ya haki kutoka nchi za mbali pamoja na mazao ya mashamba ya jirani, na hapo ndipo penye ujanja wote. Lancashire ni nchi ya maziwa, na wakati ule wafugaji wa Uingereza walikuwa wakililia bei isiyofidia gharama za uzalishaji. Ungemwambiaje mfugaji huyo amhurumie mkulima wa kakao wa Ghana? Crowther hakumwomba huruma. Alimwonyesha kwamba wote wawili wanapangiwa bei na mtu mmoja: mnunuzi mkubwa. Wageni waliahidi kutumia au kuuza bidhaa hizo, na tarehe 27 Aprili mkutano wa hadhara ukapiga kura ya kuufanya mji wao Mji wa Fairtrade.

Cheo hicho hakikuwapo popote. Walijipa wenyewe, na taasisi ya Fairtrade Foundation ikalazimika kutunga masharti baadaye: azimio la halmashauri, bidhaa madukani na migahawani, kazini na makanisani, matangazo, na kamati ya kusimamia. Garstang ilithibitishwa rasmi Novemba 2001.

Kuna deni la zamani pia. Jirani ya Garstang, Lancaster, ilikuwa bandari ya nne ya Uingereza kwa biashara ya watumwa katika karne ya 18. Kwa kulikumbuka deni hilo, Garstang ikajenga udugu na New Koforidua, kijiji cha wakulima wa kakao nchini Ghana, ambacho nacho baadaye kikawa mji wa kwanza wa biashara ya haki Afrika. Marekani, mji wa kwanza ulikuwa Media, Pennsylvania, mwaka 2006. Japani, ulikuwa Kumamoto, mwaka 2011.

Ghana wanajivunia cheo hicho kwa sauti. Kwetu Moshi, Tanzania, ambako ushirika wa wakulima wa KNCU umeuza kahawa chini ya alama ya Fairtrade tangu miaka ya 1990, mgeni anaweza kumaliza kikombe chake bila mtu yeyote kumgusia habari hiyo. Ni uzembe wetu, si wa Ulaya.

Miaka ya karibuni haina mengi ya kusherehekea. Mwaka 2017 kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, Sainsbury's, iliondoa alama ya Fairtrade kwenye chai yake na kuweka mpango wake yenyewe, ambao ungewataka wakulima wa Kenya, Rwanda na Malawi waombe fungu lao la ziada kwa bodi iliyoko London. Wakulima walikataa. Wanaharakati wa miji ya Uingereza walisimama upande wao, lakini kampuni iliendelea na mpango wake.