Gia na Ukingo wa Bonde: Madereva wa Mbulu na Hanang

Nchi ya Mbulu imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na kila mzigo ulioingia au kutoka humo, tangu zama za punda hadi zama za lori, umelazimika kuupanda ama kuuteremka ukingo huo. Ziwa Manyara liko takriban mita 960 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Mbulu uko karibu mita 1,700. Na safari ya kutoka chini hadi juu, iwe kwa njia ya Magara inayoachana na barabara kuu pale Mbuyu wa Mjerumani, au kwa njia ya Dareda iendayo Dongobesh na Haydom, haimpi msafiri mwinuko wa taratibu, bali humkabili kwa kipande kimoja kikali chenye kona zinazofuatana. Kwa sababu hiyo elimu ya kujua wakati wa kubadili gia, ambayo kwa watu wa nchi tambarare ni jambo la kuhifadhi injini na kupunguza gharama ya mafuta, huku ilikuwa tangu mwanzo elimu ya kuokoa roho. Wenyewe walioianzisha hawakuiandika. Waliirithishana baina ya dereva na utingo wake, na mimi naihesabu kuwa sehemu ya historia ya wilaya hizi sawasawa na habari za maboma na watawala.

Wajerumani walipojenga boma lao Mbulu, na hata Waingereza walipolishika baada ya 1916, uchukuzi wa Wairaqw na Wadatooga ulikuwa juu ya vichwa vya watu na migongo ya punda, na chumvi ya Ziwa Balangida ilipanda milima kwa mwendo huo huo. Motokaa zilipofika, zilikuta wilaya moja kubwa, kwani Hanang haikutengwa na Mbulu hadi 1969. Hivyo dereva wa siku zile, aliyebeba nguo na sukari za maduka ya Wahindi akirudi na mahindi na ngozi, aliijua nyanda ya juu yenye udongo mwekundu na pia mbuga nyeusi zilizo chini ya Mlima Hanang, na katika safari moja alitakiwa awe mwanafunzi wa nchi mbili zisizofanana tabia.

Magari yenyewe yalikuwa magumu. Giaboksi za kale hazikuwa na kitu cha kuyapatanisha meno yake kabla hayajaumana, na ijapokuwa kiwanda cha Cadillac huko Marekani kilileta dawa ya taabu hiyo mwaka 1928, dawa hiyo ilikawia sana kuyafikia magari ya kazi. Land Rover, ambayo ilizaliwa 1948 na kuwa kipando cha mabwana shamba, mapadri na waganga wa nchi hii, ilipewa upatanisho huo katika gia ya tatu na ya nne tu. Namba moja na namba mbili, ambazo ndizo gia za mlima, zilibaki bila msaada hadi ulipotoka mtindo wa 1971. Almuradi pale ambapo dereva alihitaji wepesi zaidi, ndipo chombo kilipomwachia kazi yote.

Kazi hiyo yafaa itazamwe kwa karibu. Dereva anayetaka kupangua gia kutoka namba tatu kwenda namba mbili hukanyaga klachi, huutoa mkono wa gia na kuuacha fri, huiachia klachi, kisha hukanyaga mafuta kidogo ili injini ipandishe mzunguko wake na kuyazungusha meno ya ndani kwa kasi inayolingana na ile ya magurudumu. Halafu hukanyaga klachi mara ya pili na papo hapo huusukuma mkono ndani. Akiwahi au akichelewa, meno husagana kwa ukelele unaosikika ng'ambo ya korongo, na gia hukataa kuingia. Katika uwanda angejaribu tena bila hasara. Lakini katika kona ya Dareda, gari likiwa limeshiba magunia, muda wa kufanya hivyo hutosha kuumaliza mwendo wote, na lori lililo fri mlimani hurudi nyuma. Ndiyo maana utingo aliruka chini mapema, kigingi mkononi, akaenda kwa miguu kando ya gurudumu la nyuma, tayari kulizuia.

Kwa hiyo madereva hodari hawakungoja injini ilalamike. Walisikiliza sauti yake, naam, lakini walijua kwamba injini ikisha kuanza kutetema na kunguruma kwa uzito, saa ya kupangua imepita. Gia ya kupandia huwekwa chini ya mlima, mwendo ungalipo. Katika Land Rover jambo hili lilikuwa dhahiri kwa macho, kwa sababu pamoja na mkono wa kawaida mlikuwa na wenzo mwingine wenye kirungu chekundu, wa kuziteremsha gia zote pamoja ili zipate nguvu, nao ulitaka gari lisimame ndipo uingie vyema. Na asiyeuvuta akiwa bado bondeni hakupata tena fursa ya kuuvuta. Tena kulikuwa na hewa nyembamba ya juu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na dereva mgeni kutoka pwani, aliyezoea kuupanda mlima fulani kwa namba tatu, hushangaa kuona mlima kama ule ukimdai namba mbili.

Kuteremka ndiko kulikotaka hadhari zaidi, na ndiko kulikozika watu. Mafundisho ya wakongwe ni kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo uiteremkie, ili injini yenyewe ilizuie gari na breki zibaki baridi kwa ajili ya dharura. Ngoma za breki zikipata moto, lainingi hazishiki tena, na hapo tena kupangua gia ni muhali kwa kuwa kasi imekwisha kuzidi ile ambayo meno yataikubali. Nawalaumu bila kificho wanaoteremka fri ili kuokoa mafuta: senti wazipatazo hazilingani hata kidogo na roho walizozichukua garini.

Hanang ilileta somo la namna nyingine. Mvua ikinyesha katika mbuga ya udongo mweusi, kosa huwa ni kubadili gia kwa aina yoyote katikati ya tope, maana ile nukta ambayo nguvu imekatika magurudumu hukwama. Dereva huchagua kabla ya kuingia, na huvumilia na gia hiyo hiyo hadi atokee upande wa pili. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo na chakula, yalifunguliwa katika uwanda wa Basotu, saba kwa hesabu, kila moja likikaribia ekari 10,000, juu ya malisho ambayo Wabarabaig, tawi la Wadatooga, walinyang'anywa na kuyadai hadi mahakamani. Vijana wengi walijifunzia gia huko juu ya trekta, ambamo mtu huchagua mwanzoni mwa mfuo kwa kupima udongo na kina cha jembe, kwani trekta iliyozama kazini haikubali kubadilishiwa njiani.

Leo lami imepita Katesh tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mteremko wa Magara umemwagwa zege. Fuso na Isuzu za sasa zina giaboksi laini, na motokaa ndogo kutoka Japani hubadili gia zenyewe kwa kupima kasi na uzito wa mguu wa dereva, lakini hazioni kona iliyo mbele. Na wengi wanaoziendesha hawajaugusa mkono kuuweka kwenye L au 2, ambako ndiko ulikofaa kuwa tangu kileleni. Ningependa kila mwanafunzi wa udereva wa Babati, Katesh na Mbulu, kabla ya kupewa leseni, apandishwe Dareda na kuteremshwa Magara akiwa na mzigo garini, na pembeni yake aketishwe mmoja wa wazee walioendesha Land Rover za miaka ya 1960, amweleze kwa nini gia hupanguliwa pale, na si hatua ishirini mbele.