Mapande Matano ya Ini

Mtu aliyepatwa na jambo chungu husema limemkata maini. Husema maini, kwa wingi, ingawa kila mwanadamu ana ini moja. Wingi huo haumdhuru mtu, kwa kuwa msemaji hakukusudia kuhesabu. Historia ya tiba ya Ulaya, hata hivyo, yanifunza kwamba wingi ukiandikwa kama hesabu waweza kuwapofusha wenye macho.

Kwa karne nyingi wanafunzi wa tiba walifundishwa kwamba ini la mtu lina mapande matano. Naliita pande kila sehemu kubwa ya ini inayobainika kwa nje. Fundisho hilo liliegemea mamlaka ya Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, ambaye elimu yake ya viungo aliipata kwa kupasua wanyama, wakiwemo kima na nguruwe. Ini la wanyama wengi limegawika waziwazi. La mtu halikugawika hivyo.

Andreas Vesalius, mwalimu wa upasuaji huko Padua, alipasua maiti za watu kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo, katika michoro aliyoichapisha Venice mwaka 1538, alichora ini lenye mapande matano. Kisu kilifuata mwili, kalamu ikafuata kitabu. Ni mwaka 1543, katika De humani corporis fabrica, alipoyakana mapande hayo.

Leo hutajwa pande la kulia, lililo kubwa, na la kushoto, lililo dogo. Nyuma na chini yake hutajwa mengine mawili madogo. Mwaka 1957 Mfaransa Claude Couinaud aliligawa ini upya, si kwa sura yake ya nje, bali kwa matawi ya mishipa ya damu yaliyomo ndani, akapata sehemu nane. Mgawanyo huo humwongoza mpasuaji aondoe sehemu yenye uvimbe na kuziacha nyingine zikiwa hai.

Hesabu ya tano ilirithiwa. Ya nane ilitafutwa. Kwa hiyo, wapenzi wa lugha, sioni haja ya kuurekebisha msemo wetu: maini na yaendelee kukatika katika ushairi. Lakini tutungapo istilahi za tiba, neno lisipokewe kwa ukongwe wake tu. Kwanza tuliweke kando ya kiungo chenyewe, tutazame.