Supachaja na Fundi wa Kuoanisha Injini

Nyuma ya Mercedes-Benz nyingi za C-Class zilizoingia Afrika Mashariki zikiwa zimetumika Japani au Uingereza, limebandikwa neno moja la Kijerumani: KOMPRESSOR. Wauzaji hulitaja neno hilo mapema kwenye tangazo, na wenye magari hulitamka kwa fahari. Lakini mwenye gari akifika gereji na kusema kompresa inalia, fundi huenda moja kwa moja kwenye kiyoyozi. Kwake kompresa ni ile inayobana gesi ya AC, au ile inayojaza upepo matairi. Wawili hao wanaweza kuzungumza robo saa nzima kila mmoja akiwa na mashine yake kichwani.

Mashine inayotajwa na nembo hiyo ni supachaja, nayo kwa asili ni pampu ya hewa. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe: pistoni ikishuka, silinda hujaa kadiri angahewa inavyosukuma. Supachaja huzungushwa na injini kwa mkanda unaotoka kwenye puli ya krenki, ikaisukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu inayozidi ile ya angahewa. Penye hewa nyingi zaidi panaweza kuchomwa petroli nyingi zaidi, na hivyo injini ndogo ikatoa nguvu za injini kubwa. Turbo hufanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe huzungushwa na moshi unaotoka, si mkanda.

Kifaa hiki ni kikongwe kuliko gari. Ndugu wawili wa Connersville, Indiana, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya pampu yao ya hewa mwaka 1860, na hadi leo supachaja zenye rota mbili zinazopishana huitwa kwa jina lao. Gottlieb Daimler alipata hataza ya kushindilia hewa katika injini mwaka 1885. Mwaka 1921 Mercedes ikaonyesha Berlin magari ya kuuzwa yenye Kompressor, miaka mingi kabla neno hilo halijafika Mombasa na Dar es Salaam.

Kwa Kiswahili, supachaja ndilo jina ambalo tayari limeshika, na si busara kupigana nalo. Lina kasoro moja tu. Chaja kwa msemaji wa Kiswahili ni ya simu au ya betri, na kampuni ya Tesla imezidisha utata kwa kuviita vituo vyake vya kuchajia magari ya umeme kwa jina hilohilo. Anayeandika kitabu cha kufundishia au mwongozo wa gereji angefanya vema kulieleza mara ya kwanza kwa kitenzi ambacho lugha inacho: kushindilia. Ndicho kilichotumika kwa baruti katika gobore, na kinabeba wazo kamili la kuingiza kitu kwa nguvu mahali ambapo kisingejaa chenyewe. Supachaja basi ni kishindilizi cha mkanda, na turbo ni kishindilizi cha moshi. Mwanafunzi wa ufundi akiyasikia majina hayo mawili pamoja huwa ameshajua tofauti iliyopo, kabla mwalimu hajachora lolote ubaoni.

Ugumu hasa umo katika kazi ya mtu anayeitwa kwa Kiingereza cha gereji tyuna. Vijana husema gari limetyuniwa, au limechipiwa, na magazeti huandika kwamba limeongezwa nguvu. Tafsiri hii ya mwisho ndiyo imeua injini nyingi.

Mercedes yenyewe inatoa mfano mzuri. Katika C-Class za miaka ya mwanzo ya 2000, kiwanda kilifunga injini moja, M271 ya sentimita za ujazo 1,796, katika C 180 Kompressor, C 200 Kompressor na C 230 Kompressor. Ya kwanza ilitoa nguvu farasi 143, ya pili 163, ya tatu 192. Ujazo ni uleule na silinda ni nne zilezile. Kilichotofautiana zaidi ni kiasi cha hewa kinachoshindiliwa na maelekezo yaliyoandikwa katika kompyuta ya injini. Anayesoma tarakimu hizo haraka huhitimisha kwamba nguvu farasi 49 zimefichwa ndani ya C 180, zinamsubiri mwenye laptopu. Anayesoma polepole huona kwamba wahandisi walikaa na kila kiwango cha hewa wakakitafutia mafuta yake, cheche yake na joto lake, kisha wakakijaribu kwenye baridi na kwenye jua.

Maelekezo hayo huitwa ramani katika mazungumzo ya mafundi, lakini ukiyafungua utakuta majedwali. Upande mmoja kuna mizunguko ya injini kwa dakika, upande wa pili mzigo au presha ya hewa, na katika kila kisanduku kuna tarakimu. Jedwali moja huamua petroli. Jingine huamua plagi itoe cheche digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu. Ili petroli iungue bila kubaki hewa wala mafuta, huhitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake. Injini yenye supachaja ikikanyagwa hadi mwisho haiwezi kuishi kwa uwiano huo. Hupewa petroli zaidi, hewa ikashuka hadi mara 12 hivi au chini yake kidogo, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza silinda.

Kwa hiyo kinachofanyika si kuongeza. Ni kuoanisha: kuzifanya hewa, petroli na cheche zipatane katika kila kisanduku cha jedwali, kuanzia gari likinguruma kwenye foleni hadi likipanda mlima limejaa watu. Nguvu huzaliwa hapo, au haizaliwi, au hata hupunguzwa kwa makusudi. Fundi wa kazi hii aitwe mwoanishaji. Mteja anayemtafuta mwongeza nguvu huuliza swali moja, nalo ni farasi wangapi. Anayemtafuta mwoanishaji atauliza ni nini kitaoanishwa na nini, na jibu atakalopewa litamwonyesha yuko ana kwa ana na fundi gani.

Kuna neno jingine linalohitaji uangalifu kuliko yote. Tanzania, injini ikisemwa imenoki, imekufa. Asili yake ni neno la Kiingereza la kugonga, na katika kazi ya kuoanisha kugonga huko ni tukio la awali kabisa. Mchanganyiko wa hewa na petroli, badala ya kuungua kwa utaratibu kuanzia kwenye plagi, hulipuka wenyewe pembeni mwa silinda kwa sababu ya joto na shinikizo. Mlio wake ni mkali kama wa chuma kidogo kikigongwa, na mara nyingi haufiki sikioni mwa dereva. Kwenye bloku ya injini kuna sensa inayousikia. Kompyuta huichelewesha cheche mara moja ili kuiokoa pistoni. Mtu aliyezoea kunoki kwa maana ya kifo, akiambiwa rekodi ya gari lake ina noki mbili, hushtuka bure au hudhani fundi anatania. Afadhali tukio hilo liitwe kugonga kwa moto au, kwa usahihi zaidi, mlipuko wa pembeni, na kunoki kuachiwe maana iliyokwisha kupewa na wananchi. Mafundi wasioaminika wana dawa ya mkato kwa milipuko hiyo: huipunguzia sensa usikivu kwenye programu. Karatasi ya matokeo hutoka safi, gari hutoka na nguvu, na pistoni huendelea kupigwa bila mtetezi.

Historia ya mbio ina somo la wazi juu ya tofauti ya nguvu na uthabiti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 dereva Tim Birkin alitaka Bentley ya lita 4.5 ifungwe supachaja iliyobuniwa na Amherst Villiers. W. O. Bentley, mwasisi wa kampuni, alipinga. Aliona kwamba njia ya kupata nguvu ni kuongeza ukubwa wa injini. Birkin alipata fedha na magari yakatengenezwa, supachaja ikiwa mbele ya redieta. Nguvu zilipanda kutoka farasi 110 hivi hadi 175 katika gari la barabarani. Mwaka 1930, katika mbio za saa 24 za Le Mans, Bentley hizo za supachaja ziliposhindana na Mercedes SSK, nayo ya Kompressor, hakuna hata moja kati yao iliyomaliza. Iliyoshinda ilikuwa Bentley Speed Six, ya lita 6.5, isiyo na supachaja. Bentley za supachaja zilikuwa gari za kasi ya ajabu, na bado zinapendwa, lakini hazikuwahi kushinda mbio kubwa hata moja.

Kwa mwenye gari wa leo, kumjua mwoanishaji wa kweli huanzia kwenye maswali anayoulizwa kabla hajatoa fedha. Petroli ananunua wapi? Plagi ni za aina gani na zina umri gani? Mkanda wa supachaja ulibadilishwa lini? Gari linaishi wapi, na linasafiri kwenda wapi?

Swali la mwisho linaonekana la adabu tu, kumbe ndilo zito kwa Afrika Mashariki. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama kilopaskali 82; Mombasa ni 101. Supachaja ya puli isiyobadilika huzidisha hewa kwa kiwango kilekile popote ilipo. Ikiwa inazidisha mara moja na nusu, silinda za Nairobi hupokea kilopaskali 123, na za Mombasa 152. Gari lililooanishwa Nairobi peke yake likishuka pwani huingia kwenye visanduku vya jedwali ambavyo hakuna aliyewahi kuvipima. Hapo hapo joto nalo limezidi. Hewa ya nyuzi 30 ikishindiliwa mara moja na nusu hufika nyuzi 67 hata kama mashine isingepoteza chochote, na supachaja za Roots hupoteza si haba, hivyo joto halisi huwa juu zaidi. Fundi anayejua kazi yake huvijaza visanduku hivyo kwa tahadhari, akaichelewesha cheche na kuongeza petroli, kisha akamtaka mteja arekodi data ya safari ya pwani na kumtumia. Asiyejua huviacha kama alivyovikuta.

Petroli nayo ina mtego wake. Wapo wanaonunua faili la majedwali yaliyokwisha kujazwa kutoka Marekani kwa njia ya intaneti, na hakuna ubaya, mradi muuzaji anapokea rekodi za gari na kulisahihisha faili mara kadhaa. Lakini Marekani huandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili vya oktani, yaani uwezo wa petroli kuustahimili mlipuko wa pembeni, wakati huku, kama Ulaya, kinachoandikwa ni kipimo kimoja, RON. Petroli yao ya 91 hukaribia RON 95 au 96, na ile ya 93 hukaribia RON 98. Mteja wa Dar es Salaam anayeona faili la 93 na pampu ya 95 hudhani amevuka kiwango kwa pointi mbili, kumbe yuko chini. Muuzaji asiyemuuliza mteja yuko nchi gani hastahili kulipwa.

Halafu kuna mashine ya rola, dainamomita, ambayo gari hupandishwa na magurudumu yakazunguka pale pale. Watu huiamini kama mizani ya duka, lakini aina mbili za mashine hizo zinaweza kutoa tarakimu mbili tofauti kwa gari moja siku moja, na marekebisho ya hali ya hewa huzisogeza zaidi. Thamani yake ni kulinganisha gari na lenyewe, kabla na baada, juu ya mashine ileile. Mteja adai mchoro mzima: uwiano wa hewa na petroli, digrii za cheche, joto la hewa inayoingia na kila mahali sensa ilipousikia mlipuko. Na adai mizunguko mitatu au minne mfululizo, kwa sababu supachaja hupata joto, na mzunguko wa kwanza wa gari lililopoa ndio hupigwa picha na kutundikwa ukutani. Faili la asili lihifadhiwe, na mwenye gari apewe nakala.

Wamiliki wa Mini Cooper S za 2002 hadi 2006, zenye supachaja ya Eaton M45, wanayajua haya vizuri. Marekebisho yanayopendwa zaidi kwao ni puli ndogo kwa asilimia 15, inayoizungusha supachaja haraka zaidi. Ni kipande cha chuma cha bei ndogo, nacho hubadilisha kiasi cha hewa katika kila kisanduku. Anayekifunga na kuliacha jedwali la zamani amefanya nusu ya kazi.

Kwa M271 ya Mercedes kuna jambo moja ambalo mwoanishaji mzuri hulitanguliza kabla ya kufungua laptopu. Mnyororo wa taimingi wa injini hizo hujulikana kwa kurefuka, na meno ya magia ya kemshafti kulika. Valvu hufunguka kwa kuchelewa, na tarakimu zote za majedwali hupoteza msingi. Kwa hiyo fundi huomba gari lilale gereji, aliwashe asubuhi likiwa baridi, asikilize sekunde za kwanza, kisha afungue kifuniko cha valvu na kutazama alama. Akikuta mnyororo umerefuka, haigusi kompyuta siku hiyo. Humwandikia mwenye gari orodha ya vipuri, akamrudishia funguo.