Kuhimili si Kuzoea

Kukabiliana ni kitenzi kilichochoka. Katika habari za mabadiliko ya tabianchi, anayepanda mikoko anakabiliana, anayefunga umeme wa jua anakabiliana, na aliyehama bondeni baada ya mafuriko kumharibia nyumba mara mbili, naye huambiwa amekabiliana. Hotuba haidhuriki kwa ulegevu huo. Bajeti hudhurika, maana fungu la fedha za mikoko silo fungu la fedha za umeme wa jua, na mwenye fedha anaijua tofauti hiyo hata kama mwombaji hakuitaja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, uliofunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, unazungumzia kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia gesijoto zisiendelee kurundikana angani: kupunguza uchomaji wa makaa ya mawe na mafuta, kuiacha misitu isimame. Waingereza huiita “mitigation”. Ya pili, “adaptation”, ni kurekebisha maisha, shughuli na miundombinu ili joto, ukame, mafuriko na kupanda kwa bahari visitudhuru sana, na panapotokea nafasi ya kunufaika, tuitumie. Ndivyo Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, linavyoieleza dhana hiyo, likiongeza kwamba marekebisho hayo yanahusu tabianchi iliyopo na ile inayotarajiwa. Nyongeza hiyo ni nzito. Mhandisi anayejenga daraja kwa kufuata kimo cha mafuriko ya mwaka jana tu, bado hajaifanya kazi ya pili.

Kiswahili chetu cha ripoti kimeziita kazi hizo “kupunguza athari” na “kukabiliana na athari”. Jozi hii ni mbovu, na ubovu uko katika nusu yake ya kwanza. Mtambo wa umeme wa upepo haupunguzi athari, unapunguza chanzo. Anayepunguza athari ni yule anayechimba lambo, anayepanda mtama mahali pa mahindi, anayeinua msingi wa nyumba yake. Yaani mtu wa kazi ya pili, tuliyemvua jina lake tukamvika mwingine. Kosa naona limetokana na kutafsiri kwa kamusi: kitenzi cha Kiingereza kina maana ya kupunguza ukali wa jambo, mfasiri akakiamini bila kuuliza ni ukali wa jambo gani. Kazi ya kwanza iitwe “kupunguza gesijoto”, basi. Na kukabiliana kubaki neno la jumla linalozikusanya kazi zote mbili, kama lilivyo katika jina la Mkakati wa Taifa wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi wa Tanzania, wa mwaka 2021 hadi 2026.

Kazi ya pili ndiyo yenye ubishi, na ubishi wenyewe ulianza kabla ya tafsiri. Kwa miaka mingi wanamazingira wa nchi tajiri hawakupenda hata kuitaja. Waliona kwamba kuzungumzia namna ya kuishi na joto ni kukiri kushindwa kulizuia, na ni kuwapa wenye viwanda kisingizio. Al Gore, kabla hajawa Makamu wa Rais wa Marekani, aliandika mwaka 1992 kwamba kutegemea uwezo wetu wa kujirekebisha ni aina ya uvivu. Miongo miwili baadaye akaandika kwamba alikosea, kwamba kazi zote mbili zilipaswa kwenda pamoja. Upande wa pili wamo watu kama Bjørn Lomborg wa Denmark, wanaodai kwamba fedha nyingi zinazotumika kupunguza gesijoto kwa haraka zingeleta manufaa zaidi kama zingetumika kuwaondoa watu katika umaskini, maana tajiri hujilinda mwenyewe.

Pande zote mbili zinasema kana kwamba anayepunguza na anayejirekebisha ni mtu mmoja, ameketi mezani anachagua. Ukweli hauko hivyo. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani. Mkulima wa Dodoma hana moshi wa kupunguza. Kwake swali la kipi kitangulie halipo: joto la dunia lilikuwa limeshapanda kwa takriban nyuzi 1.1 katika mwongo wa 2011 hadi 2020 ukilinganisha na nusu ya pili ya karne ya 19, na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kuvuka nyuzi 1.5. Mkataba wa Paris wa 2015 ulilitambua hilo kwa kuipa kazi ya pili ibara yake, ya 7, na lengo lake la dunia nzima.

Tuiite nini basi? Wako wanaosema “kuzoea”. Ni neno jepesi, kila mtu analijua, na ndilo baya kuliko yote. Mwenye kuzoea hadai kitu. Joto akilizoea, njaa akaizoea, hakuna wa kuulizwa. Tena kuzoea hakuna mwisho. Mtu hudhaniwa anaweza kuzoea chochote mradi apewe muda. “Kutohoa”, ambalo lingefaa kwa maana ya kukifanya kitu kiendane na mazingira mapya, limeshachukuliwa na wanaisimu kwa ajili ya maneno ya mkopo, na sidhani wataliachia. “Kujirekebisha” lina usahihi wa kisayansi, lakini katika mazungumzo ya kawaida hunuka adabu: aliyeambiwa ajirekebishe huwa amekosa, na wanaoambiwa hapa si waliokosa.

Linabaki “kuhimili”, ambalo limeshika mizizi katika nyaraka nyingi za Tanzania. Ukoo wa neno hili ni wa mizigo. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, na nduguze tunao: hamali anayebeba magunia bandarini, mhimili unaobeba paa, himila ambayo ni mimba, na kustahimili. Wapo wanaolikataa kwa hoja nzuri. Wanasema mhimili hausogei, ilhali dhana inataka mtu asogee, abadili mbegu, abadili msimu, abadili hata kazi. Tena neno linaonekana kuusifu uvumilivu wa maskini. Hoja ya kwanza naikubali nusu. Ya pili naikataa, na sababu yangu iko pwani ya mashariki ya Unguja.

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Kina wakulima zaidi ya 20,000, na walio wengi ni wanawake. Bamvua linapofika na maji kupwa mbali, wao hushuka ufukweni, hupigilia vigingi mchangani, hukaza kamba baina yake na kufunga vipande vya mwani kwenye kamba. Kuna aina mbili. Kotonii ndiyo yenye bei, kwa ajili ya ute wake unaotumika kuzitia uzito aiskrimu, dawa za meno na vyakula vya makopo. Spinosamu ni sugu zaidi lakini bei yake ni ndogo, mara nyingi nusu ya ile au chini ya hapo. Kuanzia miaka ya 2000 kotonii ilianza kukataa. Kwenye maji haba ya pwani, yanayopashwa na jua la mchana wakati wa maji kupwa, matawi yake yaligeuka meupe, yakalainika na kukatika. Magugu ya baharini yakayavamia. Mahali pengi aina hiyo ikatoweka kabisa.

Hapa mtu anaweza kuona maneno yetu yote yakifanya kazi, kila moja mahali pake. Kotonii ilishindwa kuhimili. Wakulima walihamia spinosamu, wakahimili kwa kupoteza kipato: kwa jasho lile lile la kuinama majini, walipata fedha pungufu, na baadhi wakaacha kilimo. Dkt. Flower Msuya, wakati huo akiwa mtaalamu wa mwani katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, akajaribu njia nyingine pamoja nao: kuipeleka kotonii kwenye maji ya kina, yaliyo baridi zaidi, ndani ya nyavu za umbo la mrija zinazouzuia mwani usivunjwe na mawimbi. Kisayansi ni jawabu safi. Lakini kina kinataka chombo, na vyombo kwa kawaida ni vya wanaume. Kinataka kuogelea, na wengi wa wanawake hao hawakuwahi kufundishwa. Kilichoonekana kuwa suala la nyuzi za joto kikawa suala la nani anamiliki ngalawa. Wengine walihimili kwa kuusaga mwani na kutengeneza sabuni na krimu, wakauza kwa watalii. Jambiani wapo waliogeukia ufugaji wa sponji.

Kuhimili kwao hakukuwa kusimama tuli, na kulikuwa na bei inayohesabika. Mhimili husimama, ndiyo, lakini kila fundi anajua unabeba uzito gani na kwa uzito upi utapasuka. Hamali naye huuliza uzito na ujira kabla hajainama. Neno linalobeba maswali hayo ndani ya ukoo wake halimsifu maskini. Linamtaka anayempa mzigo autaje. Kwa hiyo nalipigia kura, na lile la kurekebisha tulitumie pale panapohitajika kueleza kitendo chenyewe.

Sifa yake kubwa ni hiyo ya kuwa na kikomo. IPCC huzungumzia vikomo vya namna mbili: vile vya kuondoleka, kama vya fedha, ujuzi na sheria, na vile visivyoondoleka kwa fedha yoyote. Wanawake wa mwani walikutana na vya namna ya kwanza. Boti na mafunzo ya kuogelea vingeviondoa. Matumbawe yaliyo mbele yao, yanayovunja mawimbi na kulea samaki, yanaelekea vya namna ya pili. Ripoti ya jopo hilo ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 1.5 matumbawe yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na kwa nyuzi 2 yatapotea zaidi ya asilimia 99. Hakuna mradi wa kuhimili unaoweza kuyasaidia zaidi ya hapo, ndiyo maana kazi ya kwanza haina mbadala. Mzigo ukishauvunja mhimili tunaingia istilahi ya tatu, “hasara na uharibifu”, ambayo nchi zinazoendelea ziliipigania hadi mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ukakubali kuundwa kwa mfuko wake. Katika Kiswahili ngazi hizi hupangika zenyewe: kupunguza, kuhimili, hasara. Ukianza na kuzoea, ya tatu haina pa kushika.

Yako pia mambo yanayoitwa kuhimili nayo ni kinyume chake. Bangladesh inatupa sura zote mbili. Kimbunga cha Novemba 1970, eneo hilo likiwa bado Pakistani ya Mashariki, kiliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Kimbunga Sidr cha 2007, nacho kikali, kiliua kama 3,400. Kati ya vimbunga hivyo viwili zilijengwa nyumba za kukimbilia, ukawekwa mfumo wa tahadhari, na maelfu ya watu wa kujitolea wakafundishwa kupita vijijini na vipaza sauti. Lakini nchi hiyo hiyo ilijenga matuta makubwa ya udongo pwani kuanzia miaka ya 1960 ili kuyazuia maji ya chumvi. Yakalizuia na tope la mito lililokuwa likiinua ardhi kila mwaka. Ardhi iliyo ndani ya matuta ikashuka, na mvua ikinyesha maji hayana pa kutokea. Hilo naliita kuhimili kwa kombo, mpaka apatikane mwenye jina bora. Kuta za bahari tunazojivunia, ukiwemo ule wa Ocean Road jijini Dar es Salaam, zinastahili kutazamwa kwa jicho hilo: zinalinda barabara iliyo nyuma yake, lakini kwa kawaida ukuta wa bahari huyasukuma mawimbi yakale mchanga wa ufuko usio na ukuta.

Na fedha? Mwaka 2009, katika mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, shirika la kiuchumi la nchi tajiri, lengo lilifikiwa mwaka 2022, zikatoka dola bilioni 115.9. Kuhimili kulipata bilioni 32.4, sehemu kubwa ya zilizobaki ilikwenda kwenye kupunguza gesijoto. Sababu si siri. Shamba la umeme wa jua huuza umeme, mkopo ukarudi; lambo la kijiji na mafunzo ya kuogelea kwa wakulima wa mwani havina cha kumrudishia mkopeshaji.

Kwa hiyo ndugu mfasiri, mhariri, na wewe afisa wa halmashauri unayeandika andiko la mradi: usiandike “jamii itakabiliana na athari” ukaweka nukta. Andika nani atahimili nini, mpaka nyuzi ngapi au kimo gani cha maji, na nani atalipa.